Matumizi

Miaka kumi na tisa nilichapa hukumu zake,
mimi, karani, katika chumba chenye hita
inayokohoa kama mvuta kiko,
Nebraska, theluji imefika nusu ya dirisha.

Jaji Emmett Vrana alikuwa na kamusi moja
iliyochapwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa.
Jalada liling'oka, akalifunga kwa kamba ya kiatu.
Kila neno gumu alilifuata humo,
kama mpangaji anayemuuliza mwenye nyumba
kabla ya kubomoa ukuta.
"Katiba si unga, Delphine," aliniambia,
"kwamba tuukande upya kila asubuhi."

Vijana waliotoka vyuo vya mashariki walicheka:
mzee anaongea na wafu.
"Wafu walau walipigiwa kura," alijibu.
"Sisi majaji watatu, nani alitupigia?"

Ikaja kesi ya Ludmila Pekarek,
mjane, ekari themanini za mahindi,
kisima alichokichimba mumewe,
na mume mwenyewe, hatua hamsini kutoka kisimani.
Mji ulilitaka shamba: ghala la kampuni,
ajira mia nne, kodi, lami.
Mawakili wakasema, hayo yote ni manufaa ya umma.

Jaji akafungua kamusi. Akakaa humo siku tatu.
Siku ya nne akaniita nichape:
*Walioandika waliandika matumizi.
Hawakuandika manufaa.
Barabara umma huitumia. Daraja, huvuka.
Ghala lenye uzio na mlinzi langoni
umma utalitumiaje? Kwa kulitazama?*

Wawili kwa mmoja. Alishindwa.
Tingatinga lilifika Machi, ardhi bado imeganda.
Bibi Pekarek alileta sinia ya mikate ya plamu;
jaji akairudisha na barua ya heshima,
maana jaji hali cha mdaawa,
hata mdaawa aliyekwisha kushindwa.

Kwenye mkahawa wa Jumamosi, wakulima walivua kofia.
Huyu ni wetu, walisema.

Haukupita mwaka.
Polisi waliingia karakana ya Travis Kroll bila hati,
wakatoa unga wa kulevya chini ya sanduku la spana.
Agosti ile ile tulikuwa tumemzika
kijana wa kwaya yetu, kwa unga kama ule.
Jaji akaandika kurasa sita:
karakana iliyoshikana na jiko ni nyumba,
na nyumba ina mlango, na mlango una masharti.
Kroll akatoka.
Mkahawani, mabega yote yakageuka.
"Umemfungulia muuaji, Emmett."
Akamimina asali kwenye chapati zake, polepole.
"Mkinipenda kwa sababu ya shamba,
mnichukie kwa sababu ya karakana.
Kalamu ni ile ile."

Nilimheshimu. Sikukubaliana naye siku zote.
Jioni moja nilimuuliza:
na wale ambao maneno hayo hayakuwahesabu watu?
Mama wa bibi yangu alizaliwa mali ya mtu, Missouri.
Hita ilikohoa mara mbili, tatu.
"Ndiyo maana waliacha mlango wa marekebisho," alisema.
"Mzito, ndiyo. Lakini mlango,
si dirisha la kuruka usiku."
Nikamwambia: bawaba za mlango huo
zilidai roho laki sita kabla hazijalegea.
Hakunijibu. Alichukua koti lake.

Ghala lilifungwa mwaka wa saba.
Uzio upo, mlinzi hayupo,
magugu yamefika kimo cha mahindi,
na umma bado haulitumii.

Kamusi aliniachia mimi, na kamba yake.
Majira haya ya baridi niliifungua penye neno *marekebisho*.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wake mdogo,
sentensi yangu ya bawaba, neno kwa neno,
na tarehe.
Na mbele yake alama ya kuuliza,
yeye ambaye, katika hukumu zote nilizochapa,
alimaliza kwa nukta.